Sehemu ya Tumbo Aliyobakishiwa Bi Mwajuma

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika dawa wala sindano. Nilishika taya la mtu. Uhuru ulikuwa bado mbichi, na Metroni wa hospitali ya Kilosa alikuwa bado mama wa Kizungu, mwembamba, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama shuka zake. Aliniangalia mikono, akaigeuza huku na huku, akasema, "Kucha ni fupi. Vizuri. Nenda chumba cha upasuaji ukamsaidie Dresa Mkuu."

Dresa Mkuu, yaani mkuu wa wafunga vidonda, alikuwa mtu wa makamo aliyejifunza kutoa nusukaputi zamani za wakoloni. Nusukaputi ndiyo dawa ya kumlaza mgonjwa ili akatwe bila kusikia. Siku hizo tulitumia etha. Aliidondosha tone kwa tone juu ya kitambaa kilichofunika pua na mdomo wa mgonjwa, na harufu yake ilikaa kwenye nguo zetu hata tukiwa nyumbani tunakula. Akaniambia, "Weka vidole hapa, nyuma ya taya. Lisukume mbele. Ukilegeza, ulimi unarudi nyuma na pumzi inakatika." Nikashika mpaka mikono ikafa ganzi. Mgonjwa alipoamka aliniuliza, "Wameshaanza?" Nikamwambia wameshamaliza. Akalia kwa furaha, nami nikalia naye, na Metroni akanikemea kwa kulowesha barakoa.

Mimi ni mtoto wa Lumuma, nimesoma shule ya misheni na baadaye chuo cha wauguzi. Jina langu ni Eunike, ila kwa miaka yote ya kazi niliitwa Sista tu. Nyinyi mnaoanza uuguzi leo mmeniomba nieleze tulivyofanya kazi zamani. Mengi nimesahau. Nitawaeleza habari ya tumbo, kwa kuwa ndiyo iliyonifunza zaidi.

Baada ya miaka michache Kilosa, nilihamishiwa zahanati ya Mikumi, kando ya barabara kuu. Mkuu wetu alikuwa Mganga Msaidizi, mtu mkimya aliyependa kunoa sindano mwenyewe, maana enzi hizo sindano zilichemshwa na kutumika tena. Hapo ndipo nilipokutana na Mzee Lazaro wa Vidunda.

Alikuwa akishuka kutoka milimani kila mwezi kuja kuchomwa sindano yenye dawa nyekundu kama juisi ya rozela. Mara nyingine alichelewa, na nikimuuliza alisema tu, "Tembo walikaa njiani, mwanangu. Mimi nani niwaambie wapishe?" Dawa ile nyekundu ilikuwa vitamini ya damu. Mtu asiye na tumbo, yaani ule mfuko wa chakula ulio ndani, hawezi kuipata kwenye chakula, hata ale nyama ya ng'ombe mzima, kwa sababu tumbo ndilo linalotoa kitu cha kuisaidia iingie mwilini. Na Mzee Lazaro hakuwa na tumbo. Alikuwa ameondolewa lote katika hospitali kubwa ya Dar es Salaam kwa sababu ya saratani, ambayo wakati ule tuliiita kansa, tena kwa kunong'ona. Utumbo wake mwembamba ulikuwa umevutwa juu na kuunganishwa moja kwa moja na koo la chakula.

Alikuja na kikapu kidogo chenye magimbi ya kuchemsha. Akikaa kwenye benchi, alimega kipande kidogo, akatafuna mpaka nikachoka mimi niliyekuwa namtazama, akapumzika, akamega tena. Nilimzoea. Nilimpenda, niseme kweli, kama mtu anavyompenda baba mdogo.

Kutoka Mikumi nilipelekwa kusomea nusukaputi, kisha nikarudishwa Kilosa. Dresa Mkuu alikuwa amestaafu, na Metroni sasa alikuwa mama wa Kitanzania mwenye sauti ya kusimamisha treni. Mganga Mkuu wa Wilaya alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye kawaida ya kukaa kitandani kwa mgonjwa wakati wa kuongea naye, jambo ambalo Metroni alilikataza kwa kila mtu isipokuwa yeye. Upasuaji mkubwa uliachiwa Daktari wa Upasuaji wa Mkoa, kijana aliyesoma ng'ambo, ambaye alikuja kwetu kwa treni kila baada ya muda na kukaa juma zima.

Bi Mwajuma aliletwa kutoka Kisanga akiwa anaumwa chembe cha moyo, pale chini ya kifua, na kupata choo cheusi, dalili ya damu inayovuja ndani. Alikuwa mama wa watoto wanne, wa mwisho ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Walikuwa wamehamia kijiji cha ujamaa, wakilima mpunga shamba la pamoja. Mumewe, Bwana Ramadhani, alikuwa mtu mrefu asiye na maneno, aliyesimama nje ya wodi akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

Kwanza tulidhani ni vidonda vya tumbo. Tulimpa dawa na maziwa, akapata nafuu, maumivu yakarudi. Ndipo alipopelekwa Dar es Salaam. Huko alimeza dawa nyeupe kama chokaa, akapigwa eksirei. Kisha wakampitishia kinywani mpira wenye taa na kunyofoa kipande kidogo cha nyama. Kilikuwa kansa, lakini kansa changa, ndogo, iliyokaa sehemu ya chini ya tumbo karibu na linapofunguka kuingia kwenye utumbo. Ilikuwa bahati kubwa. Wagonjwa wengi wa namna hiyo walitufikia wakati hata maji hayapiti tena. Kwa kuwa foleni ya Dar ilikuwa ndefu na ugonjwa huu haungoji, ilikubaliwa apasuliwe kwetu, Daktari wa Upasuaji atakapokuja.

Alipofika, alibandika picha ya eksirei kwenye kioo cha dirisha la ofisi ili mwanga wa jua upite. Mimi nilikuwepo kwa sababu mtoa nusukaputi lazima ajue mgonjwa atalala muda gani.

"Nitakata hii sehemu ya chini," akasema, akipitisha kidole, "na tezi zinazoizunguka. Kipande cha juu nitakiunganisha na utumbo. Atakuwa na tumbo dogo, lakini atakuwa nalo."

Mganga Mkuu akatikisa kichwa. "Mimi ningetoa lote. Nimeona watu waliobakishiwa kipande, na ugonjwa ukarudi humo humo. Mama huyu ana mtoto wa mgongoni."

"Mzee, kutoa lote kuna hatari yake. Mshono wa koo la chakula na utumbo ukivuja, tutampoteza mezani au wodini. Na akipona, ataishi maisha ya tabu. Ugonjwa wenyewe bado mchanga na uko chini. Kukata kwa upana wa kutosha kunamfaa."

"Kama uko chini tu. Picha haioni kila kitu."

"Haioni," kijana akakubali.

Hawakugombana. Walisimama pale dirishani kama ndugu wawili wanaotazama mvua, kila mmoja akijua mwenzake ana sehemu ya ukweli.

Desturi ya wakati ule ilikuwa mgonjwa asitajiwe kansa. Aliambiwa mume, au kaka, basi. Bwana Ramadhani aliitwa, akaambiwa, akatoka akiwa amekunja uso kama ngumi. Lakini Bi Mwajuma hakuwa mtu wa kufichwa. Tulipopita wodini asubuhi, akaketi kitandani, akavuta kanga yake.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, mama. Umeamkaje?"

"Nimeamka na maswali. Tangu jana mnanong'ona mlangoni kama watu wanaopanga posa. Mume wangu hanitazami usoni. Tumbo ni langu mimi. Niambieni."

Mganga Mkuu alikaa kitandani pake, akamwambia yote, hata lile jina. Bi Mwajuma alitazama mikono yake, kisha akasema, "Toeni lote. Mtu anapalilia magugu, anaacha mizizi?"

Daktari wa Upasuaji alijaribu kumweleza, lakini aliona maneno yake hayaingii. Hofu ilikuwa imeshawahi. Ndipo nikasema kwamba namjua mtu aliyetolewa lote, na kwamba labda angefaa kuongea naye. Mganga Mkuu akanitazama, akasema, "Mwite."

Tulipiga simu ya kuzungusha mpaka Mikumi, na ujumbe ukapanda Vidunda kwa miguu. Mzee Lazaro alikuja na treni ya Kidatu, amevaa koti lake la kanisani, na kikapu mkononi. Wodi ya wanawake haikuwa mahali pa mwanamume kukaa kitako, lakini Metroni mwenyewe alimletea kiti.

Bi Mwajuma alimwamkia. Mzee Lazaro akaitikia marahaba, akaangalia huku na huku, akaanza pole pole.

"Mwanangu, mimi nimekuja kusema kweli, sikuja kukutisha wala kukupamba. Ninaishi. Nimeona wajukuu ambao sikutegemea kuwaona. Kwa hilo namshukuru Mungu na wale madaktari. Lakini njaa siijui tena. Nakula kwa sababu najua lazima nile, kama mtu anayelisha mbuzi. Nikila ugali wa kushiba kama zamani, moyo unapiga mbio, jasho linanitoka, nalala chini kama mlevi. Nguvu ya kulima kilima imekwisha. Nakaa ukingoni mwa shamba nawaelekeza wengine."

"Ungeweza kuchagua, ungechagua nini?" akauliza Bi Mwajuma.

"Mimi sikuwa na la kuchagua. Ugonjwa wangu ulikuwa huku juu, chini ya koo. Haukuacha pa kukata. Wako, nasikia, uko chini." Akaweka kikapu chake chini. "Lote au nusu, baada ya hapo utajifunza kula upya kama mtoto. Ila mwenye nusu ana mahali pa kuanzia."

Bwana Ramadhani alikuwa amesimama dirishani kwa nje. Nilimwona akifuta macho kwa kofia.

Jioni ile Bi Mwajuma aliwaita madaktari. "Nibakishieni mnachoweza. Lakini mkifungua mkakuta ugonjwa umepanda, msiniulize tena. Toeni." Kisha akanigeukia mimi. "Sista, nikiamka, nataka wewe ndiye uniambie. Usiwaachie hao watu wa kunong'ona."

Siku ya upasuaji watu wa kijiji chao walikuja na lori la kijiji kutoa damu. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa wa kwanza kukunja mkono wa shati, akisema kwa sauti, "Ndugu zangu, hii nayo ni kazi ya pamoja." Wengine waliogopa sindano kuliko simba, lakini hakuna aliyerudi kwenye lori.

Nilikaa kichwani pa Bi Mwajuma. Nilimpa dawa ya kumlaza, nikapitisha mpira kwenye njia ya hewa, nikaanza kuminya mfuko wa kumpumulia, mkono wangu mwingine ukiwa kwenye mshipa wake. Maneno yake ya mwisho kabla ya kulala yalikuwa jina la mwanawe mdogo.

Daktari wa Upasuaji alifungua, akatazama ini, akasema, "Ini safi." Wote tukapumua. Kisha akapeleka vidole juu ya tumbo, taratibu, kama anayetafuta sindano kwenye godoro. Kidonda kilikuwa pale pale picha iliposema. Lakini juu yake, upande wa ndani, vidole vyake vikasimama.

"Hapa pana ugumu," akasema.

Mganga Mkuu, aliyekuwa akimsaidia, akaweka vidole vyake pia. Siku hizi, nasikia, kipande kinapelekwa maabara wakati mgonjwa angali mezani, majibu yanarudi kabla uzi haujafungwa. Sisi tulikuwa na vidole tu.

"Ni tezi au ni ukuta wa tumbo?" Mganga Mkuu akauliza.

"Sijui bado."

Nilisikia mfuko wangu tu ukijaa na kuisha. Mshipa wa mama ulikuwa unaenda vizuri, nikawaambia, "Yuko salama, Daktari. Msiharakishe."

Akaachanisha mafuta kwa uangalifu, uzi kwa uzi, mpaka kile kigumu kikatoka peke yake kiganjani mwake: tezi iliyovimba, haikushikana na ukuta. Ukuta wenyewe chini yake ulikuwa laini. Alimtazama mkubwa wake. Mganga Mkuu, mtu aliyetaka litolewe lote, angeweza kusema neno hapo, na neno lake lingetosha.

"Mkono ni wako," akasema. "Mimi ninakuamini."

Kijana akakata. Akaacha theluthi ya juu.

Bi Mwajuma alipofumbua macho hakuweza kusema sawasawa kwa sababu ya mpira wa puani, ule tunaoupitisha ili maji ya tumbo yatoke na mshono upumzike. Alinishika kidole, akakibana. Niliinama sikioni pake. "Umebakishiwa," nikamwambia. "Kipande cha juu kipo. Ni chako." Machozi yakamtiririka pembeni mpaka masikioni, nikayafuta kwa pamba.

Sasa nisikilizeni vizuri nyinyi vijana, kwa kuwa upasuaji huonekana ndiyo kazi, kumbe ni mlango tu. Tulimlaza akiwa ameinua mgongo. Tulimfundisha kukohoa huku amekumbatia mto tumboni, ili makohozi yasikae mapafuni na mshono usiachie. Tulimwamsha akae, kisha asimame, huku akitulaani kwa Kisagara akidhani hatuelewi. Hakupewa chochote kwa mdomo mpaka utumbo uamke. Na dalili ya utumbo kuamka ni upepo. Asubuhi alipojamba, mama wa kitanda cha pili alipiga kigelegele, wodi nzima ikapokea, na Mganga Mkuu aliyekuwa anaingia akauliza nani amejifungua.

Likaja funda la maji. Ukaja uji mwepesi, kijiko kwa kijiko. Hapo ndipo tulipopata mtihani. Dada yake, kwa mapenzi, alimletea uji wa sukari nyingi, naye akanywa kikombe kizima. Muda si muda akaanza kutetemeka, jasho jembamba, moyo ukimwenda mbio, akanishika nguo akisema, "Sista, nakufa." Hakuwa anakufa. Tumbo likiwa dogo, chakula kitamu hukimbilia kwenye utumbo kwa mkupuo mmoja, na mwili unashtuka. Nilimlaza, nikamshika mkono mpaka ikapita. Lakini alikata tamaa. Kuanzia hapo akaogopa chakula chochote. Alifunga mdomo kama mtoto, akawa anakonda mbele ya macho yetu, na kila tulichompa alikigeuzia kisogo.

Aliyemrudisha ni Bwana Ramadhani. Sijui alikuwa amewaza nini kule nje. Siku moja alikwenda nyuma ya jengo, mahali jamaa za wagonjwa walipopikia, akakaa katikati ya wanawake na kuuliza namna ya kuponda ndizi. Walicheka. Mwanamume wa makamo, Mluguru kwa mama na Msagara kwa baba, kushika mwiko! Aliwaacha wacheke. Akaponda ndizi kwa samaki, bila sukari, akaweka kwenye kibakuli cha mtoto. Akaja wodini, akachuchumaa kando ya kitanda.

"Mama Hadija," akamwita kwa jina la binti yao mkubwa, "mimi nimepika. Najua si kitamu. Kula kijiko kimoja unicheke."

Alikula kijiko kimoja. Akasema, "Chumvi umeisahau," na akacheka huku ameshika mshono. Baada ya kupumzika akala kingine. Tangu hapo Bwana Ramadhani alipika kila siku, mara nyingi kwa siku, vijungu vidogo kama vya watoto wanaocheza. Hakumpa maji pamoja na chakula bali baadaye, kama tulivyomfundisha. Akimaliza kula, mkewe alilala kidogo, naye akakaa akimpepea kwa kofia.

Majibu ya maabara ya Dar yalipofika, Mganga Mkuu alimwita Daktari wa Upasuaji kwa simu, nasi tukasikia sauti yake kupitia mlango. "Kingo za ulipokata ni safi! Na tezi ni safi! Nilikosea, kijana wangu, na sijawahi kufurahi kukosea namna hii."

Bi Mwajuma alirudi Kisanga akiwa mwembamba lakini anatembea mwenyewe. Mwenyekiti alitangaza mkutanoni kwamba mama huyo ana ruhusa ya kutoka shambani kula wakati wowote, na asiulizwe. Hakurudi kutwanga, lakini alipandikiza mpunga misimu mingi. Mzee Lazaro aliendelea kupata sindano yake Mikumi mpaka alipofariki kwa uzee, kitandani pake, huko Vidunda. Nilipanda kwenda kumzika. Walimvika lile koti lake la kanisani.

Nilistaafu nikiwa mkuu wa chumba cha upasuaji. Walinifanyia karamu, wakanipa saa ya ukutani na godoro. Vijana huniuliza ipi ilikuwa bora, kutoa sehemu au kutoa lote. Siku hizi, wananiambia, kansa changa kabisa inaweza kukwanguliwa kwa mpira wa kupitia mdomoni, tumbo likabaki zima, na mgonjwa hapasuliwi. Nafurahi kusikia. Mimi nawajibu kwamba inategemea ugonjwa umekaa wapi na umefika wapi, na anayetakiwa kuambiwa hivyo kwanza ni mwenye tumbo. Mengine yote ni miezi ya vijiko vidogo, na mtu wa kuvishika.

Mwaka niliostaafu nilikwenda Kisanga. Bwana Ramadhani alikuwa ametangulia mbele ya haki. Bi Mwajuma alikuwa sasa bibi, mkavu kama kuni nzuri, na alinikumbatia mpaka kilemba kikaanguka. Tuliandaliwa chakula na mke wa mwanawe mdogo, yule wa mgongoni. Nikashangaa kuona sahani za watu wote ni ndogo, hata za watoto, na kila mtu anakula taratibu, anaweka chini, anapumzika, anaendelea. Hakuna aliyegusa maji.

Mkamwana akaona ninavyotazama, akacheka. "Nilipoolewa hapa, Bibi, nilidhani hawa ni wabahili wa chakula. Nikawa najificha jikoni kushiba. Kumbe wanakula mara nyingi kutwa nzima."

Nikamuuliza mjukuu wa kike aliyekaa karibu nami kwa nini anakula kidogo kidogo hivyo, kwani ana tumbo zima. Akanishangaa, kana kwamba nimeuliza kwa nini watu hupumua.

"Ndivyo watu wanavyokula," akasema, akamega tonge lingine, dogo, akampelekea bibi yake mdomoni.